Kiungo cha Kushoto

...na mpira ungekuwa ule wa zamani ungekubali kwa upole, lakini huu mpya mgumu, Melkiori akausukuma kwa vidole gumba viwili, mgongo kwenye gunia, gari Pijo ya marehemu Mwishehe juu ya uso wake, oili ikimdondokea kwenye ndevu, kofia mbili tu za mpira za kuzuia vumbi kwenye viungo vya usukani, Jumbe, mdogo wake marehemu, kazipata wapi hakusema, na kwa jinsi maduka ya Kibaha yalivyo matupu mwaka huu mtu haulizi, ya kulia ameshaivalisha, ameshindilia grisi mpaka ikachungulia pembeni, bado kushoto, na kushoto ndiko anakofuta kiungo kwa tambara mara ya tatu, kama mjinga, kiungo chenyewe kipya, si kile, kile kimo kwenye kopo la maziwa chini ya nati, karibu na kiwiko chake, mwaka wa pili sasa... "Mtani! Umelala huko chini?" Ni Mwanakheri, mjane wa Mwishehe, ameketi kwenye kigoda kando ya gari, anachokiona Melkiori ni kandambili na pindo la kanga tu, "Jumbe akirudi na petroli tunaondoka, Mzenga si hapa," na yeye akajibu, "Mnyamwezi halali, Mzaramo ndiye anayelala," akajibu kwa mazoea, kama mtu anavyoitikia hodi, mama wa watu akacheka, na kicheko kile kikamchoma mbavuni, kwa sababu asubuhi alipofika alisema neno, alilisema huku anafunga upya kanga yake, "Wanataka leo kwenye hitima nisimame kaburini niseme nimemsamehe. Ubani nitafukiza, wali nitapika, lakini hilo halitoki, mtani. Mtu kaniacha na nyumba haina mlango kwa haraka zake mwenyewe," kwa haraka zake, akasema hivyo, na Melkiori akainama kutafuta spana ambayo alikuwa ameishika mkononi... ingia basi, ingia, mpira ukaruka ukarudi, akaupaka grisi kidogo kwa kidole, grisi ipo leo, kopo zima, angeikuta Jumapili ile hata kijiko kimoja, hata ya kulamba, haikuwepo Kibaha yote, na ilikuwa Jumapili kweli, amri ya kubana petroli, magari ya watu binafsi mwisho saa nane mchana, baada ya hapo polisi, na Mwishehe akaja saa tano na mabati ya mama yake nyuma, akasema usukani unacheza, mtani, nitazamie, akamtazamia, hapa hapa, gunia hili hili, mpira wa kushoto umepasuka, mchanga umejaa ndani, kiungo kikavu, ukikitikisa kwa mkono kinagonga, fundi yeyote anajua maana yake, na yeye akajua, akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakijaza oili chafu aliyoikoroga na sabuni, akakifunga kwa waya, akajisifu, na Mwishehe akachuchumaa akachungulia chini, ule uso wake mpana, akauliza... hapana, funga mpira kwanza, pete inakaa kwenye mfereji wake, zungusha, hapo... akauliza, "Itanifikisha, mtani? Au niilaze hapa, kesho nikapande basi?" Aliuliza. Hakuna mtu chini ya jua anayejua kwamba aliuliza, saa yake mkononi na bado alikuwa tayari kungoja, na Melkiori akacheka, "Mzaramo kwa woga! Nenda, itakufikisha mpaka mlangoni kwa mamako," na mtani akikuita mwoga utafanyaje, utaangua kicheko upande gari, akapanda, akapiga honi mbili, na kwenye kiteremko cha kabla ya Mzenga usukani ukawa mkononi na magurudumu yakawa na njia yao... walipomwita akasaidie kulivuta gari korongoni alitangulia kushuka, akakiona kiungo kimechomoka, tyubu imechanika, akakifungua kwa spana yake akakitia mfukoni, kikiwa bado na mchanga, kabla yeyote hajainama kutazama, halafu mazikoni, Ee Mungu, mazikoni wakamngoja, mtani hakosi msibani, asipotania nani atawafuta machozi, akajilaza njiani jeneza lisipite mpaka wampe chochote, akainuka, akashika sinia la ubwabwa likawa usukani, akatazama saa ambayo hana, "Saa nane! Saa nane! Polisi hao!" akakimbia nalo kombo akajibwaga majanini, watu wakacheka mpaka wakashika matumbo, Mwanakheri naye akacheka ndani ya ushungi wake, kisha akaacha kucheka, Melkiori alimwona alivyoacha, na tangu siku ile Kibaha mpaka Mzenga ikawa ndiyo habari yenyewe, Mwishehe alikufa kwa haraka, kila mtu anaisimulia pamoja na lile sinia, mzaha mzaha hutumbua usaha, na usaha umemtumbukia mwanamke aliyeketi kwenye kigoda, anamchukia maiti wa watu kwa kosa ambalo si lake... bomba la grisi, bonyeza, mpira ukavimba taratibu, bonyeza tena, basi, umejaa, kazi imekwisha, hakuna kilichobaki cha kumweka chini ya gari, atoke, apanguse mikono, apokee asante. "Mtani, mbona umenyamaza? Nitanie basi, njia ndefu, na huko niendako sina moyo nako." Akatafuta utani, mdomo wake haujawahi kukosa, akatafuta wa wavivu, wa walaji, wa watu wa Pwani na watu wa Tabora, hakuna, kinywa kikavu kama kiungo kile, na mkono wenyewe, bila yeye kuutuma, ukaingia kwenye kopo la maziwa, ukapita kwenye nati, ukakikuta, kizito, kibaridi, ukanda wa tyubu bado umekigandia shingoni. "Mtani?"

"Nipo, shemeji," akasema.

Kandambili zilizokuwa zikipigapiga chini zikatulia, tangu aolewe hajawahi kuitwa hivyo na mtu huyu, na Jumbe bado hajarudi, na Melkiori bado yuko chali, gari juu yake, chuma mkononi, analia bila sauti na grisi inamwingia machoni, anatafuta neno la kwanza, na analo, ataanzia hapo: aliuliza, shemeji, mumeo aliniuliza.