Benchi la Daktari wa Meno

Mtafiti alitumwa kuchunguza kwa nini watu hawaingii chumba cha afya ya akili. Kwa siku nne alikaa kwenye korido na fomu zake, wala hakuona mtu akigusa mlango huo. Mlango wa jirani, kwa daktari wa meno, benchi lilijaa pomoni.

“Dada, nusu yao hawana hata jino bovu,” daktari wa meno alimwambia. “Wanashika mashavu wakisubiri uende chai, wapenye pale.”

“Na wewe unawaacha tu?”

“Niwafukuze waende wapi?”

Mtafiti alikunja fomu zake, akaaga kwamba anakwenda chai. Alipogeuka, daktari alikuwa ameshavua koti lake jeupe, amekaa mwisho wa benchi, kashika shavu.