Turbo Iliyoning'inia Mlangoni

Hakuna aliyepita gereji ya Sirma, nyuma ya mtaa wa West Indies, bila kuiona turbo kuukuu, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa, iliyoning'inia mlangoni kwa waya. Miaka mitatu ilikaa pale. Kwa kawaida kipuri kikitolewa hupewa mwenye gari aende nacho, ajue hakudanganywa; hiki Sirma alikiomba abaki nacho, makusudi. Mteja mgeni akiuliza, alijibiwa kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Hiyo ndiyo ilifukuza mwizi hapa!" Na mwizi huyo alikuwa na jina. Aliitwa Oketch, na alikuwa ameshika spana pamoja na Sirma tangu wote wawili hawajaota mvi hata moja.

Jumanne moja gari la Mwalimu Hulda, lile lile lililoleta ugomvi wa Sirma na Oketch, likaletwa likivutwa kwa kamba.

"Fundi, nilitaka kupita lori ya mahindi," Mwalimu alisema. "Nikakanyaga mafuta, gari ikakataa kabisa. Haivuti! Na lori ingine hiyo inakuja mbele. Nikajitupa kwa mtaro. Ni Mungu tu."

"Pole sana, Mwalimu. Wacha niangalie."

Sirma alisema hivyo kwa utulivu. Ugonjwa huu aliujua. Miaka mitatu nyuma alikuwa amekwenda kwao kuvuna mahindi, wiki mbili nzima, na Oketch ndiye aliyelibadilishia gari hili oili akiwa peke yake. Baada ya siku chache likarudi zito. Basi Sirma, bwana mkubwa, hakupima wala hakugusa; akaamua tu kwamba Oketch ameng'oa turbo nzima akaiuza, akafunga mbovu. Wizi wa namna hiyo upo, nani hajausikia?

"Sirma, fungua kwanza tuangalie valvu," Oketch alimsihi siku ile. "Hii ni masizi."

"Usinifundishe kazi! Mwizi wewe!"

Alifoka mbele ya Mwalimu, mbele ya gereji nzima. Oketch alipangusa mikono, akaacha spana zake zote mezani, akaondoka, na Sirma akaing'oa ile turbo, akafunga mpya. Hasira hasara, wahenga walisema, lakini siku hiyo nani angemwambia Sirma? Wiki haikuisha kabla gereji zote za mjini hazijasikia, na hakuna iliyompokea Oketch. Mwishowe alihamia mji mdogo wa Moi's Bridge na mkewe Akello.

Sasa Sirma alipima kila kitu, kimoja baada ya kingine, kama mwanafunzi anayeogopa mtihani. Turbo aliyofunga yeye mwenyewe ilikuwa sawa. Mipira ya hewa haikuwa na ufa. Plagi nzuri, mafuta yanafika. Palibaki mahali pamoja tu, na alijua ni wapi. Akafungua bomba linaloingiza hewa kwenye injini, akamulika kwa tochi.

Ala! Valvu, vile vilango vya kuingizia hewa kwenye silinda, zilikuwa zimeganda masizi meusi, mazito, kama ukoko wa sufuria. Hewa ingepita wapi? Injini za aina hii petroli hurushwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya valvu ikaziosha. Mvuke wa oili hutua hapo, unaungua, unaganda. Na Mwalimu safari zake ni Kapsoya hadi shuleni na kurudi, polepole, injini haijapata moto vizuri imezimwa. Ukoko ule haukuwa wa mwaka mmoja wala mitatu.

Siku mbili alikwangua, akalowesha dawa, akasugua kwa brashi mpaka chuma kikaonekana. Mwalimu alipolijaribu gari alirudi akicheka.

"Wueh! Inaruka! Tangu ile siku ya Oketch sijaona hivi."

"Si ile siku nilipoweka turbo mpya ulisema ni afadhali?"

Mwalimu aliacha kucheka. "Ilipata nafuu kidogo tu, fundi. Pengine ni ule mpira wa hewa ulioukaza. Lakini ulikuwa umefukuza mtu kwa sababu ya gari yangu. Ningesema nini? Niliona haya. Nikanyamaza, na hiyo kitu imenikaa rohoni mpaka leo."

Alipoondoka, Sirma alipanda stuli akakata waya. Akaweka kidole kwenye pangaboi la ile turbo kuukuu, akasukuma. Likazunguka laini, halikugusa ukuta wa ndani, wala mhimili wake haukuchezacheza. Nzima kabisa. Nani huiba turbo nzima akaweka nzima nyingine? Sirma aliketi chini kwenye oili, mzee mzima, akalia.

Kesho yake alipakia turbo na zile spana za Oketch kwenye pikapu, akaenda Moi's Bridge. Alimkuta Oketch ameinama juu ya mashine ya kupukuchua mahindi. Kando yake, kwenye kiti cha plastiki, mwenye mashine alikuwa ameketi akitazama kila nati inayofunguliwa. Sirma alingoja mpaka mtu yule akaondoka.

"Oketch, nilikukosea. Hii turbo haina kasoro. Yalikuwa masizi, vile ulisema."

Oketch aliizungusha kwa kidole. "Umejua lini?"

"Jana."

"Miaka mitatu iko mlangoni kwako, Sirma. Hukuigusa hata na kidole?"

Sirma alikwenda kwenye pikapu, akazileta zile spana.

"Nilikusamehe kitambo," Oketch alisema. "Akello hangenipa amani nisipokusamehe."

"Basi rudi, ndugu yangu. Nitaambia watu wote ukweli."

"Utaambia wangapi?"

Alipokea spana zake, akashukuru. Sirma akaingia kwenye pikapu, akaiwasha, na mkanda wa injini ukapiga kelele. Oketch aliinua kichwa.

"Zima! Hiyo belti itakatika kabla ufike Soy. Wacha nikukazie."

Furaha ilimpanda Sirma. Rafiki yake angeshika gari lake tena! Lakini Oketch hakuja na spana. Alikuja na kile kiti cha plastiki, akakifuta vumbi, akakiweka mbele ya boneti.

"Keti hapa."

"Ya nini?"

"Uangalie mikono yangu."

"Aki Oketch, hapana. Wewe? Sitaki kuangalia."

"Basi sifungui boneti," alisema Oketch, bila hasira yoyote, kama anavyowaambia wateja wote kila siku.

Sirma aliketi. Akaitazama ile mikono aliyoijua kuliko yake mwenyewe, mpaka nati ya mwisho.