Kalamu Puani mwa Milembe

...na je, nusu kaputi ikikamata mwili tu, masikio yakabaki macho, asikie kisu kinavyopita, aliwaza Milembe, huku kalamu ya zambarau ya Dokta Tajudin ikimtekenya chini ya pua, pale kwenye kinyama kinachotenganisha matundu mawili, hapa tutapasua kidogo, dokta alikuwa anasema, halafu tunainua ngozi juu kama unavyofunua boneti, boneti, Mungu wangu, na la gari la jirani yake Sylvester tangu lifunuliwe pale stendi ya Bariadi mpaka leo halijafunga sawasawa... "Usitikisike, dada," alisema nesi Eufrasia akimshikia kidevu, mkono unanuka spiriti, na ukiambiwa usitikisike ndipo mwili mzima unapoanza kuwasha, dokta anapima sasa kwa kichuma chenye miguu miwili, kutoka kona ya ndani ya jicho hili mpaka ya jicho lile, huo ndio upana wa pua unaotakiwa, anasema, yako imezidi huku na huku, tutapunguza pembeni, tutashona, kisha tutachukua gegedu, ile mifupa laini ya sikio, tuipandikize juu hapa ili pua isimame, na mkono wa Milembe ukaenda wenyewe kwenye sikio, sikio limekosa nini jamani, na huo upana nani aliutunga, aliwahi kufika kwetu Nkoma akatazama watu, au alipita tu na gari... lakini si amekuja mwenyewe, hakuna aliyemburuta, vitenge ndivyo vilivyomleta, kila jioni anawasha simu anauza vitenge mubashara, hadi siku ile mtu akaandika dada sogeza pua tuone kitenge, watu wakaangua kicheko, naye akacheka nao, akazima simu, akalia mpaka kope zikavimba, toka hapo anauza akiwa amevaa barakoa, anasingizia mafua, na baba naye amemdanganya hivyo hivyo, kwamba dokta atamzibua pua, na mzee Maganga kule Nkoma akafurahi kwenye simu, "Haya mayu, ukapumue vizuri, mimi nakuombea," mayu, yaani mama, ndivyo anavyomwita tangu utotoni, maana alipozaliwa alilia hataki kunyamaza, wakamjaribishia jina la shangazi, akalia, la bibi mzaa mama, akalia, mpaka jirani akachungulia akasema hii pua si ndiyo ya marehemu Milembe, mamake Maganga, wakamwita hilo, na mtoto kimya, ndivyo wanavyosimulia... "Kwenu unafanana na nani?" dokta aliuliza, amerudi nyuma, kafumba jicho moja, lazima aulize kabla ya kuendelea kuchora, na sauti ya Milembe ikatoka nyembamba, "Na bibi mzaa baba, sikumkuta." "Basi tutamwachia kidogo," dokta akatabasamu, kidogo, kidogo kiasi gani, cha kumtosha nani, ule mwaka wa ukame ng'ombe walipolala zizini wamevimba, yeye yuko darasa la nne, baba aliingia jikoni akaketi chini mbele yake, mwanaume mzima, akamkazia macho hapa hapa katikati ya uso, akasema, "Mayu, ng'ombe wamekwisha, nifanyeje mimi," akalia, na yeye akamshika kichwa, kisha mzee akapangusa macho, akatoka kwenda kuchuna ngozi, hakumlilia mkewe, hakumlilia mchungaji, na juzi alipopiga tena simu sauti yake haikuwa nzuri, kuna jambo mayu, la kusema ana kwa ana, nitakuja, atakuja kweli, Milembe anamjua, atapiga hodi na jambo lake kifuani, afunguliwe na mwanamke mwenye pua nzuri, avue kofia, amsalimie kwa adabu kama anavyowasalimia walimu, anywe chai, aongee habari za mvua na pamba, halafu aondoke nalo, na atalipeleka wapi, jamani, mzee yule atalipeleka kwa nani...

"Macho mbele, dada," alisema Eufrasia. Kalamu ikashuka mgongoni mwa pua, polepole, ikaacha mstari ulionyooka, mzuri hasa, na dokta akasema asiwe na wasiwasi, kazi hii haijawahi kumharibikia hata mara moja. Milembe alitazama mikono ile, haikutetemeka hata kidogo. Asubuhi yote alikuwa anaogopa kwamba watakosea. Sasa aliogopa kwamba hawatakosea.