Matope Katika Kabati la Shule

Saa moja na robo asubuhi, Pulchérie, sekretere wa shule moja ya sekondari mjini Baraka, alipokea telefoni za wanafunzi, akabandika jina juu ya kila moja na kuzipanga ndani ya kabati la chuma. Albert, préfet, yaani mkuu wa shule, akatia kufuli, akaweka ufunguo mfukoni, akapanda pikipiki kwenda Fizi kwenye mkutano. Sheria ilikuwa yake. Aliiweka tangu wanafunzi walipopiga picha maswali ya mtihani: telefoni hazitoki kabla ya saa sita na nusu.

Saa tatu, telefoni moja ililia. Pulchérie aliendelea kujaza bulletin za alama za wanafunzi. Ilipolia tena, maji mekundu yalitoka chini ya mlango wa kabati, yakafika kwenye kandambili zake. Yalikuwa ya baridi. Akachukua kitambaa akapangusa. Mara ya tatu yalitoka matope yenye kokoto, kisha kipande cha mti kama ule unaozuia shimo la mgodi lisiporomoke, ingawa pale chini ya mlango hapakupita hata kidole.

Divine, msichana wa darasa la tano la sekondari, alisikia mlio, akaomba ruhusa ya kutoka darasani, akaja. Alichota matope kwa kiganja, akayanusa. Yalikuwa ya Lulimba, ambako baba yake, Fabien, alichimba dhahabu.

"Mama, ile iko inalia ni yangu," alisema. "Baba anajua niko mu masomo. Kama iko ananipigia, ni shida."

Pulchérie alimpigia préfet kwa telefoni yake mwenyewe. Albert hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama matope yamefikia mafaili.

"Nikifungulia mumoja," alisema, "kesho bote batakuja na matope yao. Angojee saa."

Pulchérie alijua mlinzi alikoweka shoka. Alijua pia jinsi sekretere aliyemtangulia alivyofukuzwa. Akaleta ndoo mbili.

Wakazoa pamoja, Divine upande wa kabati, Pulchérie upande wa mlango, wakimwaga uani. Kila mara telefoni ilipolia, mengine yalitoka. Walimu walipita wakipandisha suruali. Baada ya mlio wa kumi na moja, saa tano na nusu hivi, haikulia tena, na matope yakakoma. Divine aligeuza ndoo, akakaa juu yake kungojea.

Préfet alirudi kwa wakati, akafungua kufuli. Ndani ya kabati telefoni zote zilikuwa kavu. Divine alipiga namba ya baba yake, haikupatikana. Alipiga mpaka alasiri, ndipo mwenzake Fabien wa kazini akampigia. Kilima kilikuwa na mashimo matatu, alieleza, na udongo ulifunika midomo yote. Walianza na lile ambalo silo. Walipomfikia Fabien, mwili ulikuwa bado na joto, telefoni mkononi.

"Kama tungejua ni shimo gani, tungemutosha inje muzima," alisema yule mtu. "Hakukupigia?"

"Alipiga. Telefoni ilikuwa mu kabati."

"Aa. Kabati ya masomo."

"Ndiyo, baba."

Albert alifika kwenye matanga pamoja na walimu, akakaa kwa adabu, akasema maneno mazuri juu ya marehemu. Jumatatu alileta fundi atoboe ukuta nyuma ya kabati, ili matope yawe yanatokea nje. Fundi aliuliza tundu liwe na upana gani. Pulchérie alimwonyesha kwa mikono.

Divine alirudi Jumatano na nywele zimenyolewa. Alitoa telefoni yake bila kuambiwa.

Alhamisi, saa nne kasoro robo, telefoni nyingine ililia, kabati likaanza kutoa moshi mweupe, mzito, ule wa nyasi za paa zinapoungua. Élie, mwanafunzi ambaye mama yake alibaki na ng'ombe milimani Bibokoboko, ambako vita vilikuwa vimefika, alikuja akasimama kizingitini, kofia mkononi. Pulchérie alimvutia kiti, kisha akaenda kufungua dirisha.