Ruhusa ya Ngazi

Rukaiya alipanda na birika la chai akikanyaga pembeni, pale mbao za ngazi zinapoingia ukutani. Katikati zilishaoza. Ghorofani mama mkwe wake, Bi Mwanakheir, alikuwa keshasali na amekaa kitandani.

"Leo unakwenda tena?"

"Nnakwenda, Mama. Pengine leo watanisikiliza."

Bi Mwanakheir alijimiminia chai. Tangu Ramadhani hajashuka chini. Dada yake alipofariki Matemwe, wenzake walikwenda kuzika, yeye akabaki juu akisoma Yasini peke yake. Hakuna aliyethubutu kumteremsha kwenye ngazi zile.

Nyumba yenyewe, ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe, ilikuwa ya umma. Marehemu Masoud, mume wa Rukaiya, aliikodi kwa mkataba wa miaka mingi, na mkataba huo ulikwisha baada ya Idi. Rukaiya aliiomba ofisi ya nyumba za umma iongeze muda. Kila alipokwenda aliambiwa arudi. Nyumba ya ubavuni, iliyokuwa na wapangaji kama wao, sasa ni hoteli.

Asubuhi hiyo alimwachia mwenzake cherehani yake ya sare za skuli pale Darajani, akenda Kiembe Samaki, ilikohamia ofisi. Afisa aliyeshika mambo ya mikataba, Shamsi, alikuwa akinywa chai.

"Bi Rukaiya, nshakwambia. Mkataba hauongezwi mpaka nyumba ikaguliwe."

"Basi njooni mkague."

"Gari letu bovu. Na hata tukija, kwa ngazi zile nyumba haipiti ukaguzi."

"Nipeni ruhusa nizitengeneze."

"Ruhusa ya matengenezo anapewa mwenye mkataba."

Rukaiya alimtazama akidhani anafanyiwa mzaha. Shamsi alikuwa akichovya andazi.

"Mkataba sina kwa sababu ngazi mbovu. Ngazi sizitengenezi kwa sababu sina mkataba. Sasa nifanye nini, mwanangu?"

"Utaratibu sikuuweka mimi. Wenzako wamehamia Fumba, nyumba mpya, wamepumzika."

"Fumba nitaishi kwa mshahara wa nani?"

Simu ya Shamsi ikalia. Aliinuka kwenda kuipokea nje, na hakurudi.

Rukaiya hakwenda Darajani. Alipita karakana ya Makungu, seremala aliyekuwa keshapima ngazi zile na kukata mbao, akingoja kuambiwa aanze.

"Ruhusa ishatoka?"

"Haijatoka. Njoo vivyo hivyo."

"Wakinikuta watanichukulia vyombo vyangu, Bi Rukaiya."

"Wakija waambie nimekuita mimi."

Makungu alijikuna kichwa, kisha akaanza kupakia mbao kwenye mkokoteni.

Karibu na alasiri alikuwa keshang'oa mbao zote mbovu na kupigilia mpya mpaka nusu ya ngazi. Dirishani mwa hoteli mtu alipiga kelele kuwa vumbi linawaingilia wageni. Makungu akaendelea kupigilia. Haukupita muda, mlangoni pakabishwa hodi.

Alikuwa Shamsi, mkononi ana brashi na kopo la rangi nyekundu. Nyuma yake, mwisho wa kichochoro, gari la hoteli lilikuwa likimngoja.

"Simamisheni kazi!"

"Karibu," alisema Rukaiya. "Kumbe gari limepatikana."

"Nimepata lifti."

"Basi maadamu umefika, ingia ukague. Ngazi hizi hapa."

"Ukaguzi una siku yake. Leo nimekuja kusimamisha tu."

Alichovya brashi, akachora alama ya mkasi, X kubwa ya kuzuia kazi, ukutani kando ya mlango, taratibu, asijirushie rangi kwenye shati.

"Na mama aliye juu?" Rukaiya aliuliza. "Mbao za zamani tushazing'oa, mpya hazijafika juu. Atashuka vipi?"

Shamsi alichungulia ndani, akatazama pale ngazi zilipokatikia.

"Leta maombi ofisini," alisema mwishowe, akafunika kopo lake na kuondoka.

Gari lilipokwenda, Makungu aliinama akaanza kukusanya misumari.

"Utaniwia radhi, Bi Rukaiya. Nina watoto."

"Nnajua."

Kutoka juu ikaja sauti ya Bi Mwanakheir. "Fundi! Mbona kimya? Ushamaliza?"

Makungu alimtazama Rukaiya. Rukaiya alirudisha mlango, akatia komeo. Alikunja mikono ya buibui, akaiokota nyundo sakafuni.

"Bado, Mama!" aliita. "Tunaendelea!"

Aliweka ubao mahala pake, akasimamisha msumari, akagonga. Ukapinda. Akautupa, akachukua mwingine. Nao ukapinda, na mara hii alijigonga kidole. Alikitia mdomoni, akanyoosha mkono kutafuta msumari wa tatu.

Makungu akaweka chini mkoba wake.

"Wewe shika ubao," alisema. "Nipe hiyo nyundo."