Kiti cha Dirishani cha Shangazi Borghild

Jumapili baada ya ibada, Signe alimfunga shangazi yake kwenye mguu wa meza kwa kamba ya aproni, mafundo mawili, kisha akamimina kahawa.

Shangazi Borghild alianza kupungua uzito tangu usichana wake. Kila aliposema "haidhuru" na moyoni kunadhuru, mizani ilishuka kidogo. Alisema haidhuru shamba lilipoandikwa jina la mdogo wake Halvor. Alisema haidhuru mchumba wake alipomwoa mpiga kinanda wa kanisani. Sasa alikuwa na miaka sabini na miwili na hakuwa na uzito wowote. Asipofungwa, alipanda taratibu mpaka darini, na kwa kuwa hakupenda kukaa bure, huko juu alifuta utando wa buibui.

Watu wa Minnesota hawaulizani sana mambo ya namna hiyo. Daktari alimwambia ale siagi. Mchungaji alimsogezea kiti mbali na feni.

Mezani palikuwa na mambo mawili: kipande cha mwisho cha lefse, ule mkate mwembamba wa viazi, na safari ya ndege. Mwezi wa Juni ukoo wote ungekutana Norwei, kwenye shamba alikozaliwa mama wa Borghild na Halvor. Wiki ya sita sasa walikuwa wakichagua shirika.

"Mimi ndege yoyote tu," alisema Halvor, ambaye ni baba yake Signe, mtu mwenye goti bovu na sauti nzima. "Chagueni nyinyi."

"Aa, chagua wewe, mdogo wangu," Borghild akajibu kutoka juu. "Mimi hata ile ya kubeba barua inanitosha."

Halvor akaikata lefse, akala nusu, akaacha nusu. Borghild akaomba ashushwe, akakata nusu ya ile nusu. Signe naye vivyo hivyo. Ilipofika adhuhuri, kilichobaki sahanini kilihitaji miwani, na bado hakuna aliyekimaliza.

Signe alijua shangazi yake anataka nini. Aliambiwa mara moja tu, miaka mingi nyuma, wakisugua sufuria kwenye jiko la chini ya kanisa. Mama yake Borghild alivuka bahari kuja Marekani akiwa na miaka kumi na minne, siku kumi na moja chini kabisa ya meli, pasipo na dirisha. Mpaka anakufa alikuwa akisema amevuka bahari asiyoijua sura. "Ningependa kuiona kwa niaba yake," Borghild alisema siku ile. "Nikae dirishani, niitazame mwanzo hadi mwisho. Lakini haidhuru." Na ndiyo siku visigino vyake vilipoacha sakafu kwa mara ya kwanza.

Signe akafungua daftari. Shirika la kwanza, Havfugl, lilikuwa rahisi, ila liliteremsha abiria kwenye kisiwa katikati ya bahari, wakabadili ndege kwa miguu, nje, penye upepo.

"Tutamshika," alisema Halvor.

"Baba, kwenye maonyesho ya mifugo ulisema hivyo hivyo. Tukamwokota wilaya ya pili."

"Si alitua salama?"

"Zizini mwa nguruwe!"

"Walikuwa nguruwe wastaarabu," alisema Borghild.

Havfugl likafutwa. Lazima iwe ndege ya moja kwa moja. Signe akapigia Polarljos, akaiweka simu katikati ya meza ili wote wasikie. Akapokea kijana mchangamfu.

"Mama, ungependa kiti cha dirishani?"

"Aa, usijisumbue, mwanangu," alisema Borghild.

"Sawa, nakuweka katikati."

Meza nzima ikaitazama simu. Kwao kitu hukataliwa mara mbili kwa adabu, kikapokelewa mara ya tatu. Borghild alikuwa ndiyo kwanza ameanza. Signe akamshukuru kijana, akakata simu.

"Ana haraka huyo," alisema Halvor. "Labda ana mgonjwa nyumbani."

Likabaki Nordlom. Huko hakupokea mtu, ilipokea mashine.

"Ukitaka kiti cha dirishani, bonyeza moja," mashine ikasema.

"Hapana, asante. Mpe mwingine."

Mashine ikangoja. "Ukitaka kiti cha dirishani, bonyeza moja."

"Jamani, sitaki kusumbua watu."

"Ukitaka kiti cha dirishani, bonyeza moja."

"Haya basi," akasema Borghild, "maadamu umeng'ang'ania." Akanyoosha kidole, akabonyeza.

Miguu yake ikagusa sakafu, puu, vikombe vikatikisika. Signe alileta mizani ya unga: ratili mbili na nusu.

"Mashine ina malezi kuliko watu," alisema Halvor. Wakachagua Nordlom.

Tangu siku hiyo mpaka Juni, Borghild alitembea bila kamba. Alinunua viatu vipya, akaanza kuzichakaza soli.

Siku ya safari, ndani ya ndege, Halvor alisimama mbele ya viti vyao vitatu, akashusha pumzi ndefu.

"Pazuri hapo dirishani," alisema, bila kumwambia mtu. "Mwenye goti angepata pa kuliegemeza."

"Baba, hicho ni cha shangazi."

"Kwani nimeomba? Nitakaa katikati. Goti likivimba, livimbe."

Borghild alilitazama dirisha. "Kaa wewe, mdogo wangu."

"Hapana, hapana."

"Kaa tu."

"Aa, haiwezekani, dada."

"Kaa. Haidhuru."

Halvor alikuwa ameshaombwa mara tatu. Akakaa.

Borghild akapanda mpaka mkanda ukamzuia. Mhudumu akaleta mkanda mwingine wa kuurefusha kutoka kwenye droo, maana huwa wanayo ya akiba. Halvor aliona mwanga unamuumiza macho, akashusha pazia la dirisha, akalala.

Walipokuwa juu ya maji, rubani alitangaza kwamba ndege ni nyepesi kuliko ilivyoandikwa kwenye karatasi, hivyo watatua dakika ishirini kabla. Abiria wakapiga makofi. Borghild, kichwa kikigusa kabati za mizigo, akawashukuru.

Signe akapeleka mkono kwenye pazia. Baba yake akaguna usingizini. Akaurudisha mkono.

Mhudumu akapita, akawatazama wote watatu. "Nimfungulie mama dirisha aone bahari?"

"Aa, usijisumbue," walisema Signe na shangazi yake kwa pamoja.

Mhudumu akatabasamu, akaendelea na kitoroli chake. Wakamngoja arudi kuuliza tena. Walimngoja mpaka bahari ikaisha.

Ndege ilipoanza kushuka, Signe alitafuta sakafu kwa visigino, asiipate. Akakaza mkanda wake kidogo.