Kifuniko Mfukoni

Wenzake walimbandika jina la Mama Kifuniko, na alilistahili. Katika kile kituo cha data, fundi aliyechomoa uzi wa mwanga, ule waya mwembamba wa kioo unaopitisha data, bila kuuvika papo hapo kifuniko chake kidogo cha plastiki aliujua mdomo wa mama huyo, kisha akawapikia wenzake chai wiki nzima. Chembe moja ya vumbi kwenye ncha, alikuwa akisema, na mwanga unapita kwa kupapasa.

Asubuhi hiyo ripoti yake ilikuwa mezani kwa mkurugenzi, naye na mafundi wenzake wameizunguka. Alikuwa amelinganisha moduli mbili, vile vidude vya ukubwa wa kidole vinavyochomekwa kwenye swichi ya mtandao na kugeuza umeme kuwa mwanga. Kasi yao ilikuwa moja, gigabiti mia nne kwa sekunde. Ya kwanza ilitoka kwa kampuni kubwa waliyoizoea: ilipata moto usioshikika, lakini haikupoteza data hata chembe. Ya pili ililetwa na kaka mmoja ambaye yeye na dada yake waliacha kazi ili waanzishe kampuni yao. Hiyo joto lake lilikuwa chini kwa digrii tisa, ila makosa ya data yalimiminika tangu dakika ya kwanza. Mama Kifuniko aliandika: isinunuliwe.

Yule kaka alikuwa amekaa pembeni, suti imepigwa pasi kwa haraka hata mguu mmoja ukawa na mikunjo miwili. Bila oda hii kampuni yao ilikuwa inafungwa mwisho wa mwezi, na kila mtu pale alijua.

"Samahani, mama," alisema. "Uzi ulisafishwa kabla ya kuchomeka ya kwetu?"

Chumba kizima kiliangua kicheko.

"Unamuuliza nani, ndugu yangu?" alisema mkurugenzi. "Huyo hata chumvi mezani anaifunika!"

Mama Kifuniko naye alicheka, ingawa swali lilimchoma. Akatia mkono kwenye mfuko wa koti la kazi kutafuta kalamu ya kutia sahihi. Vidole vikagusa kitu kidogo kama punje ya mahindi.

Kicheko kilimkauka. Jana, baada ya kupima moduli ya kwanza, alichomoa uzi, na kifuniko kikiwa bado mkononi, binti yake akapiga simu. Akakitia mfukoni, akaongea naye, kisha akaenda kula. Uzi ulikaa wazi saa nzima mbele ya feni, na aliporudi aliuchomeka tu kwenye moduli ya pili bila kuukagua, kwa kuwa yeye si mtu wa kusahau.

Hakuna aliyemwona. Miaka kumi na tisa ya jina zuri, na sasa aibu ilimpanda hadi masikioni. Akamtazama yule kaka, ambaye alishaanza kukusanya makaratasi yake polepole.

"Ngoja, mwanangu," alisema, akakiweka kifuniko juu ya ripoti. "Haukusafishwa. Niliuacha wazi mimi."

Waliingia wote chumba cha swichi, akausafisha uzi mbele yao, akachomeka moduli ya pili. Wakasubiri nusu saa. Makosa: sifuri.

Alirudi mezani, akalifuta lile neno “isinunuliwe”. Kwenye mstari wa chanzo cha hitilafu akaandika jina lake kamili, akatia sahihi, kisha akaenda kubandika maji ya chai.